Keki za vikombe zimefika shuleni zimeharibika: dalili, chanzo na tiba

Keki ndogo za vikombe zikitoka jikoni zikiwa safi, kisha zikafika shuleni zimelala au zimetota, lawama ya kwanza humwangukia dereva. Mara nyingi dereva hana kosa. Kinachoonekana boksi likifunguliwa darasani kilishaamuliwa jikoni: keki zilifungwa zikiwa bado vuguvugu, krimu ilitiwa maziwa kupita kiasi, au boksi lilikuwa fupi. Kwa hiyo kabla hujafuta wala kukwangua chochote, tazama vizuri keki imeharibika namna gani. Krimu iliyolegea sawasawa kwenye keki zote ina chanzo kimoja, iliyoteleza na kuanguka nzimanzima ina chanzo kingine, na ukitibu hii kwa dawa ya ile utarudia tatizo lilelile kwenye mahafali yajayo.

Vipimo vya hapa ni vya hali ya pwani, yaani Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako kuanzia Januari hadi Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu. Aliyeko Arusha, Njombe au Limuru atapata nafuu kwenye krimu, lakini boksi, matuta na vikaratasi havijali baridi.

Krimu imelegea

Hili ndilo tatizo linaloharibu keki nyingi kuliko yote, na lina sura nne.

Sura ya kwanza: keki zote zimelegea kwa kiwango kimoja. Mistari ya nozo, ile pua ya mfuko wa kupambia, imepotea, krimu inang'aa, ukiigusa inashika kidole. Hilo ni joto tupu. Siagi ya maziwa huanza kulainika ikipita nyuzi 20 hivi, na huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Ukiipanga hesabu hiyo na joto la Dar mwezi Februari, utaona kwamba krimu ya siagi tupu ndani ya gari lisilo na kiyoyozi haina pa kukimbilia. Kuipiga muda mrefu zaidi hakusaidii, na kuiweka friji usiku kucha kunaahirisha tu. Kinachosaidia ni kubadilisha mafuta yenyewe. Kwa keki 24 tumia:

- siagi isiyo na chumvi, gramu 150
- mafuta mgando meupe ya kupikia yasiyo na harufu, gramu 100
- sukari ya unga, ile laini ya kupambia, gramu 550, ichekeche
- wanga wa mahindi, uleule wa kufanyia mchuzi uwe mzito, kijiko 1 cha chakula
- maziwa baridi, vijiko 1 hadi 2 vya chakula, basi
- vanila kijiko 1 cha chai na chumvi kidogo sana

Piga siagi na mafuta mgando peke yake dakika 4 hadi 5 mpaka viwe vyeupe. Tia sukari na wanga kwa mafungu matatu, halafu maziwa kwa matone. Utapata zaidi kidogo ya gramu 800, zinazotosha kuweka gramu 30 juu ya kila keki na kubakisha akiba ya marekebisho. Mafuta mgando ni mafuta matupu na huvumilia joto kuliko siagi, ambayo ndani yake ina maji yapata asilimia 16. Usiongeze mafuta mgando kupita nusu ya mafuta yote. Yakizidi, mtoto atabaki na utando mdomoni na keki haitalika. Majarini laini ya kupaka mkate ndiyo isiyofaa kabisa kwa safari: imetengenezwa ilainike haraka, ina maji mengi, na chumvi yake inasikika. Kama ni lazima utumie majarini, nunua ya kuokea, iliyo ngumu na inayouzwa kwa kipande.

Kabla hujapamba keki zote, fanya jaribio la kijiko. Weka kijiko kimoja cha krimu kwenye kisahani, kiache mahali palipo na joto kama la safari yenyewe, kwa mfano ndani ya gari lililosimama kivulini, kwa nusu saa. Kingo zikibaki zimesimama, endelea. Zikilala, ongeza sukari gramu 50, piga tena, jaribu tena. Nusu saa hiyo ina faida kuliko saa nzima ya kupamba.

Sura ya pili: zilizolegea ni za upande mmoja tu wa boksi. Krimu haina tatizo. Tafuta chanzo cha joto upande ule. Kwenye gari ni jua la dirishani. Kwenye bajaji ni injini, kwa kuwa iko nyuma, na ile sehemu ya mizigo nyuma ya kiti cha abiria iko juu yake. Boksi la keki lisikae pale hata kwa mwendo wa dakika kumi. Lipakate, au liweke sakafuni miguuni pako, mbali na upande wa jua.

Sura ya tatu: krimu imeteleza nzimanzima na kuangukia pembeni, huku umbo lake likiwa bado zuri. Iinue uangalie chini yake. Kama pamelowa mafuta na uso wa keki unang'aa, keki ilipambwa ikiwa na moto ndani. Juu huwa pamepoa wakati kitako bado kina joto, ndiyo maana keki hupimwa kwa kugusa kitako. Kwenye chumba chenye nyuzi 30, keki iliyo juu ya waya wa kupozea huchukua dakika 45 hadi saa nzima kupoa kabisa. Ikiachwa ndani ya trei ya kuokea huchukua zaidi na kutota juu. Kama chini ni pakavu na kuna chengachenga za keki, shida ni keki iliyoumuka na kuchongoka sana. Ikate kichwa kwa kisu cha meno kiwe bapa, pangusa chenga, paka krimu nyembamba kwanza na kuibana kwa kisu, kisha juu yake ndipo uweke pambo.

Sura ya nne: krimu imekatika, ina punjepunje na vitone vya maji. Ilipigwa ikiwa na joto au maziwa yalimiminwa yote kwa mara moja. Hiyo iligundulika jikoni ikapuuzwa. Iweke friji dakika 15, ipige upya kwa kasi ndogo na vijiko viwili vya sukari, itashikana.

Krimu ya maziwa ya kupiga, na ile ya unga inayochanganywa na maji baridi, hazifai kwa safari ya pwani bila deli, yaani sanduku la kutunzia ubaridi, lenye barafu. Zinapendeza na ni nyepesi, lakini zikishapata joto hewa iliyozishikilia hutoka na haiwezi kurudi.

Safari ikizidi dakika 30, au ikipita mahali pa kusubiri kama foleni ya kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, tumia deli. Gandisha chupa 4 za maji za nusu lita, kila moja ifunge kwa taulo dogo ili jasho lake lisidondokee boksi, zipange pembeni mwa boksi la keki. Lengo ni nyuzi 18 hadi 22 tu. Na gari lililosimama juani likiwa limefungwa vioo hupanda joto kwa nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo. Ukishuka kununua maji dukani, shuka na keki au mwache mtu mzima garini na kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Zimeangukiana au zimehama upande mmoja

Angalia zimeelekea wapi. Zote zikiwa zimekusanyika mbele, ni breki. Zikiwa zimerundikana pembe moja, boksi lilibebwa likiwa limeinama. Zikiwa zimelala ovyo kila upande, hazikuwa na kishikizo chochote.

Tuanze na kishikizo, kwa kuwa boksi tupu lisilo na matundu si chombo cha kusafirishia keki hizi hata likiwa zuri kiasi gani. Kitako cha kikaratasi cha kawaida kina upana wa sentimita 5 na mdomo sentimita 7, na uzito wa krimu uko juu. Keki ya namna hiyo huanguka kwa tuta la kwanza. Boksi la keki 12 lina takriban sentimita 33 kwa 25. Kama halikuja na kadibodi ya matundu, itengeneze. Chukua kadibodi ya katoni, ikate iwe na upana wa boksi na urefu uliozidi sentimita 4. Kunja sentimita 2 kila mwisho kuelekea chini ziwe miguu. Chora duara 12, safu 3 za duara 4, zenye upana wa sentimita 6, na kutoka kitovu cha duara moja hadi kingine iwe sentimita 8. Badala ya kukata duara lote, kata mistari minne inayokutana katikati, kisha sukuma pembe zake chini: zile pembe hukishika kikaratasi vizuri kuliko tundu lenye ukingo mkavu. Keki ikikaa, kitako chake kinakaribia kugusa sakafu ya boksi na tumbo lake limebanwa. Hapo matuta hayaisumbui.

Njia nyepesi kuliko hiyo ni kuzirudisha keki kwenye trei ileile ya matundu 12 uliyookea, baada ya kuiosha na kuikausha. Trei ina uzito, haipindi, na matundu yake yanalingana na keki kwa sababu yalizizaa. Iweke ndani ya katoni lenye kina, au kwenye sinia lenye ukingo lililotandikwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, trei haitateleza. Usibebe sinia wazi bila kifuniko kwenye barabara ya vumbi.

Kama huna trei wala kadibodi, kitone cha krimu cha ukubwa wa punje ya mahindi chini ya kila kikaratasi hushika kwa safari fupi ya gari. Kwa bajaji hakitoshi.

Sasa pembe. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, boksi nyingi za keki hubebwa kwenye mifuko mbadala ya kitambaa. Mfuko huo hauna kitako kigumu. Ukiuinua, boksi linainama kuelekea upande wenye uzito, na keki zinafuata. Tandika kipande cha kadibodi nene au ubao mwembamba chini ya mfuko, au uache mfuko kabisa na ubebe boksi kwa mikono miwili kutoka chini. Kiti cha gari nacho si bapa. Huinama kuelekea mgongo wa kiti. Ukilazimika kuweka boksi kitini, jaza ile sehemu ya nyuma kwa kanga iliyokunjwa, kisha weka glasi ya maji nusu juu yake kupima: maji yakikaa sawa, na boksi litakaa sawa. Sehemu bora zaidi ndani ya gari ni sakafu ya nyuma, mbele ya kiti cha abiria, upande mmoja na si katikati penye nundu. Pako chini, pana kivuli, na boksi halina pa kuangukia. Buti la gari la familia lenye sakafu bapa linafaa kama kuna mkeka wa mpira chini, ule unaotandikwa kwenye makabati. Bila mkeka, boksi linateleza kila breki.

Boksi juu ya boksi: kila boksi la keki 12 lina karibu kilo moja, na kifuniko chenye dirisha la nailoni hakibebi kilo moja. Ukipanga mawili, weka kadibodi ngumu katikati inayoegemea kuta za boksi la chini. Matatu usithubutu.

Kuhusu bodaboda, ushauri ni mmoja: peleka keki tupu bila krimu, zikiwa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na krimu kwenye mfuko wa kupambia uliofungwa. Pamba shuleni. Keki 24 kwa krimu bapa huchukua dakika 15 kwa mkono uliozoea. Daladala la asubuhi nalo ni hivyohivyo, kwa sababu hata ukipata kiti, utasukumwa.

Juu zimebonyea na krimu iko kwenye kifuniko

Boksi ni fupi. Keki yenye krimu ya kuzungushwa kwa nozo kubwa hufika kimo cha sentimita 7 hadi 8, na kuna boksi madukani zenye sentimita 7 tu. Chukua kijiti cha mshikaki, kisimamishe kando ya keki ndefu kuliko zote, tia alama, kisha kipime ndani ya boksi. Ibaki nafasi ya sentimita 1 angalau, kwa kuwa kifuniko hubonyea kikishikwa.

Ila kuna jambo la kusema hapa. Krimu ndefu ni ya picha. Mtoto wa chekechea huilamba krimu, akashiba sukari, na keki yenyewe ikaishia kwenye pipa au kwenye sare. Krimu bapa ya gramu 25 hadi 30 iliyopakwa kwa kisu na kuchovywa kwenye punje za rangi au nazi iliyokaushwa inaliwa yote, inasafiri bila wasiwasi, inaingia boksi fupi, na inapunguza gharama ya siagi karibu nusu. Kwa sherehe za shule hiyo ndiyo inayofaa. Ndefu ziache kwa meza ya harusi.

Vikaratasi vimebanduka

Keki iko sawa lakini karatasi imejikunjua kama inataka kutoka. Chanzo ni mvuke, na hutokea kwa njia tatu.

Ya kawaida ni kufunga keki zikiwa na joto. Mvuke hukosa pa kutokea, hurudi kwenye karatasi, karatasi inalegea na kuachia. Ya pili ni kuziacha muda mrefu kwenye trei baada ya kutoka kwenye oveni: dakika 5 zinatosha, kisha zihamie kwenye waya. Ya tatu ni keki isiyoiva vizuri. Kwa nyuzi 175 hadi 180, keki zenye gramu 50 za mchanganyiko, yaani theluthi mbili ya kikaratasi, huiva kwa dakika 18 hadi 20. Anayeokea kwa jiko la mkaa asitegemee rangi ya juu, kwa kuwa moto wa juu ya mfuniko huunguza mapema. Achome kijiti katikati na kisubiriwe kitoke kikavu.

Karatasi nyembamba zisizozuia mafuta hulowa na kuonekana kama zimepakwa mafuta hata pasipo kosa la mwokaji. Hizo na zile zilizobanduka zina tiba moja: beba vikaratasi vipya vikavu, na kila keki ivishwe cha pili juu ya kile cha kwanza. Inachukua sekunde chache kwa keki.

Matone ya maji juu ya krimu, rangi zimechuruzika

Keki zilitoka kwenye friji zikafunguliwa kwenye hewa ya pwani. Wakati wa joto, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi hutoka jasho Dar es Salaam, na sukari hunywa maji yale papo hapo. Rangi nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea ndizo zinazotangulia kuchuruzika. Fondanti, ule mkando wa sukari wa kufunikia keki, hugeuka nata.

Boksi likitoka kwenye friji au deli, usilifungue. Liache limefungwa dakika 30 hadi 60 lijae joto la chumba taratibu: jasho litatoka juu ya boksi badala ya juu ya keki. Kosa la kila siku ni kufungua ili kuonyesha majirani mlangoni.

Rangi ya maji iache, tumia ya jeli. Ichanganye jioni, kwa kuwa rangi iliyokolea huzidi kukolea kwa saa kadhaa, na utatumia kidogo. Punje za rangi kali ziweke tu kwenye keki ambazo hazitaingia friji.

Keki kavu

Ama ziliiva kupita kiasi, ama zililala friji bila kufunikwa. Friji hukausha keki kuliko kabati, kwa sababu wanga wa ngano hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi ule. Keki za leo kwa kesho zikae kwenye chombo cha kubana mezani, bila krimu. Za wiki ijayo zigandishwe kabisa. Ukijua lazima zipite friji, okea kwa mafuta ya maji, kama ya alizeti, badala ya siagi: siagi hugandia ndani ya keki na mtoto ataihisi ngumu, mafuta hayagandi.

Ratiba inayofanya kazi kwa sherehe ya mapumziko ya saa nne asubuhi ni hii. Oka jioni, zimalizike kupoa ifikapo saa mbili usiku, funga. Saa kumi na moja alfajiri pamba. Saa kumi na mbili ondoka. Shuleni omba zikae chumba chenye feni au kivuli, chini. Juu ya kabati, karibu na paa la bati, ndiko joto linakojikusanya.

Zina harufu

Mafuta ya krimu hufyonza harufu. Samaki, vitunguu vilivyokatwa, dumu la petroli ndani ya buti, moshi wa mkaa: chochote kilichokaa nazo saa moja kitasikika. Hakuna tiba. Boksi la kadibodi haliwezi kuzuia, chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana kinaweza.

Sisimizi na nzi

Sisimizi huja kwa sukari iliyodondoka nje ya boksi. Pangusa boksi nje kwa kitambaa chenye siki kidogo kabla ya kuondoka. Shuleni, weka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, na meza isiguse ukuta. Kwa nzi, kawa ni bora kuliko kitambaa, kwa kuwa imeinuka na haigusi krimu. Dawa ya kupuliza isitumike chumba chenye keki, hata zikiwa zimefunikwa.

Zinaonekana sawa, lakini zisigawiwe

Hapa usibembeleze. Keki zenye krimu ya maziwa ya kupiga, jibini laini au kastadi ndani, zikikaa nje ya ubaridi saa 2 zimekwisha. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa 1. Hazitabadilika rangi wala harufu kukuonya. Krimu ya siagi yenye sukari nyingi kama ile ya juu huhimili siku nzima. Krimu ya ute wa yai mbichi isitengenezwe kwa watoto.

Muulize mwalimu wa darasa siku mbili tatu kabla kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, kama ni mwezi wa Ramadhani nani amefunga, na kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, korosho, maziwa, mayai au ngano. Keki za mtoto huyo ziokwe kwanza, kwa vyombo na nozo zilizooshwa, zikae boksi lake lenye jina. Kuondoa korosho juu ya keki iliyokuwa nayo hakuifanyi kuwa salama. Peremende laini za kutafuna juu ya keki mara nyingi zina jelatini, na vanila nyingine ina pombe. Soma lebo ununue za halali, ili kila mtoto darasani ale bila mzazi kuulizwa baadaye.

Na zihesabu vizuri. Darasa la watoto 45 linahitaji keki 48 kwa ajili ya kuanguka, halafu za mwalimu wa darasa, mwalimu wa zamu, dada wa usafi na mlinzi aliyekufungulia geti.

Marekebisho ya haraka shuleni

Beba mfuko mdogo: gramu 100 za krimu ya akiba kwenye mfuko wa kupambia, kisu butu cha kupakia, vikaratasi 12 vikavu, punje za rangi au nazi iliyokaushwa, leso za karatasi, na kitambaa kibichi.

Krimu iliyobonyea au kulegea usijaribu kuisimamisha upya. Ikwangue hadi iwe bapa, geuza keki, ichovye kwenye nazi, irudishe. Iliyoteleza ifute yote, paka mpya nyembamba. Keki iliyovunjika ubavu ivishwe kikaratasi cha pili na ukibane. Iliyoanguka chini itupwe, hata kama sakafu ni safi. Zilizolegea zote kwa pamoja ziweke zimefungwa mbele ya feni kivulini dakika 20 kabla ya kuzigusa, kwani ukikwangua krimu yenye joto itanyonywa na keki.

Ukiona zaidi ya nusu zimeharibika na kengele imekaribia, kwangua krimu zote, zile nzuri pia, zichovye zote kwenye nazi. Watoto 45 wakipewa keki zinazofanana, hakuna anayelia kwamba yake ni mbaya.